Udhuru wa Kwenda Porini

Kila mwaka ifikapo Novemba, mamilioni ya Wamarekani wenye watoto wa shule, mikopo ya nyumba na wakubwa wa kazi wasiojua kutabasamu huamka saa kumi alfajiri, hujitia koti la rangi ya machungwa na kutokomea msituni kumvizia kulungu dume. Hupanda juu ya mti na kukaa kimya kutwa nzima, miguu ikifa ganzi. Wengi hurudi mikono mitupu. Anayefaulu kumwangusha dume wake wa kwanza hupata hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni, na yale mapembe hutundikwa sebuleni, mahali ambapo mke alikuwa amepanga kuweka picha ya harusi. Katika jimbo la Pennsylvania shughuli hii imepewa heshima ambayo sisi Wakenya huipa mitihani ya kitaifa. Kwa miongo mingi msimu ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo, kwa kuwa walimu, madereva wa mabasi na wanafunzi wengi hawangeonekana vyovyote vile. Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi, lakini zipo shule ambazo hazikuona haja ya kuirudisha Jumatatu ile kwa hesabu na sayansi.

Mzazi wa Voi akisikia haya hucheka kwanza, kisha huingiwa na wivu, na wivu huo ndio ninaotaka kuuchambua, maana kwa upande wa wanyama hana sababu ya kumwonea mtu kijicho. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yake, Taita Taveta, imo ndani ya hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, na sensa ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 340,671 katika kaunti. Najua kwamba Tsavo inavuka mipaka ya kaunti, lakini kwa vile ndovu wenyewe hawaitambui mipaka hiyo, tugawanye tu: kila watu 23 wana ndovu wao mmoja, uwiano ambao Wizara ya Afya ingeutamani kwa madaktari. Kinachokosekana ni ruhusa. Mei 1977 serikali ya Mzee Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na vikorokoro vingine vya wanyama. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule leo anaweza kuwa na wajukuu, na hajawahi kuuona msimu wa kuwinda. Je, katika miaka yote hiyo mzazi huyu amenyimwa nini hasa? Wengine watajibu nyama, wengine mila. Mimi nashikilia kwamba alichonyang'anywa ni udhuru. Sheria ile ilimwachia wanyama wote, tena wengine hadi mlangoni, ikamwondolea sababu moja tu ya heshima ambayo mtu mzima mwenye watoto anaweza kuitaja anapotaka kutoka nyumbani kabla hawajaamka na kurudi saa asiyoijua mwenyewe.

Tuanze na nyama, kwa sababu ndiyo hoja inayotolewa kwa sauti kubwa zaidi na yenye uzito mdogo zaidi. Mnyama ambaye mzazi wa kawaida wa Voi angekutana naye kwa urahisi ni digidigi. Tsavo imejaa digidigi. Mmoja ana kilo tano hivi akiwa hai, na ukishatoa ngozi, kwato, matumbo na yale macho makubwa yanayokutazama kana kwamba unamdai, unabaki na kitoweo cha mlo mmoja kwa familia isiyo na wageni. Dume ana pembe zinazokaribia urefu wa kidole, tena nusu zimefichwa na kishungi cha nywele. Ukizitundika sebuleni, mgeni atazidhani ni ndoano za kutundikia funguo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kama ilivyopitishwa, ilimwekea anayewinda kwa ajili ya chakula faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita. Kwa faini hiyo mtu angenunua mbuzi kadhaa sokoni, akawachinja mchana kweupe, na jirani wakaja bila kuinamisha vichwa. Hata mahali ambapo sheria inaruhusu, hesabu haibadiliki sana. Mmarekani akijumlisha bunduki, leseni, koti, darubini, mafuta ya gari na siku za kazi alizokosa, kilo ya kulungu wake itakuwa ghali kuliko kilo ya ng'ombe dukani. Analijua hilo, na mkewe analijua zaidi. Bado anakwenda, na mtu anayerudia kila mwaka biashara ya hasara huku uso umenawiri, lazima faida yake iko mahali pengine.

Hapa niseme neno juu ya huyo digidigi dume, kwani ana funzo kwa mjadala huu. Digidigi huishi wawili wawili, dume na jike wake, katika eneo dogo ambalo dume hulitia alama kwa machozi meusi yanayotoka chini ya jicho na kwa vichuguu vya kinyesi. Hatoki. Hana safari za kikazi, hana wenzake wa kijiweni, hana msimu. Watafiti waliomchunguza wakitarajia kumkuta baba wa mfano waligundua kwamba yupo nyumbani muda wote na hasaidii chochote katika kulea. Kazi yake ni kumfuata mkewe nyuma nyuma asije akachukuliwa. Wanaodai kwamba mzazi anayeaga kwenda porini ameitelekeza familia yake wamfikirie huyu. Kuwepo nyumbani hakujawahi kuwa sawa na kufaa nyumbani, na yuko mama wa digidigi anayeweza kutoa ushahidi.

Aliye na shughuli nyingi na anataka nyama kwelikweli, kwa hakika, hawindi. Anatega. Nyaya zinazokutwa na vikosi vya doria katika vichaka vya ranchi zinazoizunguka Tsavo ni uvumbuzi wa mtu mwenye ratiba: tanzi hufanya kazi usiku mtegaji akiwa amelala, na mchana akiwa kibaruani. Halihitaji subira, wala ukimya, wala rangi ya machungwa. Pia halichagui. Linamnasa pundamilia, swala pala, mtoto wa ndovu na mbwa wa jirani kwa usawa, na wengi huoza kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kupita. Siutaji ukatili huu ili niutetee. Nautaja kwa sababu unathibitisha kwamba kutafuta nyama na kukaa porini ni mambo mawili yasiyohitajiana. Hata Wawaata, ambao zamani Waingereza waliwaita Waliangulu, waliokuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wenye sumu ya msunguti, hawakuwa wakitoroka nyumba zao. Kuwinda ndiko kulikuwa kazi. Operesheni za miaka ya 1956 na 1957 zilipowafunga wengi wao, walichopoteza kilikuwa riziki, na hakuna mtu mwenye akili angekiita burudani. Kwa hiyo pembeni mwa mjadala huu wako watu wawili ambao hatutawahukumu kwa kipimo kimoja na yule wa juu ya mti, yaani aliyewinda kwa sababu ndiyo kazi yake na anayetega kwa sababu ana kazi nyingine.

Anayetufaa kama ushahidi ni mtu mkubwa zaidi aliyewahi kuwinda katika nchi hii akiwa na mwanawe. Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani Machi 1909, na mnamo tarehe 21 Aprili alikuwa ameshashuka Mombasa pamoja na Kermit, kijana wa miaka 19 aliyeomba ruhusa chuoni Harvard. Treni iliwapitisha Voi kuelekea Kapiti. Msafara wao ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi, na maktaba ya kusafiri nayo iliyofungwa kwa ngozi ya nguruwe ili mheshimiwa asikose cha kusoma kati ya mnyama na mnyama. Baba na mwana waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Lakini muulize Roosevelt kwa nini alikuja, hatakwambia kwamba alitaka kupumua baada ya miaka saba ya vikao. Atakwambia ni kwa ajili ya sayansi: jumba la makumbusho la Smithsonian lilihitaji vielelezo. Huyu ni mtu aliyekuwa ameongoza taifa, hana mkubwa wa kazi, hana deni, na hata yeye hakuthubutu kuaga nyumbani bila udhuru ulioandikwa na taasisi. Kama mwenye hadhi ile alihitaji barua, fundi wa magari wa Birikani aondoke na nini?

Kuna atakayenikosoa kwa kunikumbusha John Henry Patterson, na kusema kwamba huyo aliwinda kwa sababu ya dhiki, si udhuru. Nakubali, na mkosoaji ananisaidia. Patterson alikuwa mhandisi aliyefika mto Tsavo, mbele ya Voi ukitoka Mombasa, Machi 1898 kujenga daraja la reli. Alikuwa na kazi hadi utosini. Hakwenda kuwatafuta simba. Simba walimjia kazini, wakawachukua vibarua mahemani usiku baada ya usiku, hadi mamia ya wafanyakazi walipozuia treni na kupanda kurudi pwani. Ndipo akakesha juu ya jukwaa la miti lililoyumba, na katika usiku wa kumwua simba wa kwanza, Desemba, bundi alimgonga kisogoni akidhani yeye ni tawi. Anasimulia kwamba nusura aanguke. Simba wa pili alikufa mwishoni mwa mwezi uleule. Wote wawili walikuwa madume yasiyo na manyoya ya shingoni, kama ilivyo kawaida ya simba wengi wa Tsavo, kwa hiyo hata kwa urembo wa ukutani hawakuwa kitu; ngozi zao alizitandika sakafuni kama mazulia kwa miaka 25, hadi mwaka 1924 alipoliuzia jumba la makumbusho la Field la Chicago kwa dola 5,000. Kilichokua bila kukoma ni hadithi. Patterson alikuja kudai kwamba simba wale waliua watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba hao wakakadiria watu 35 hivi, idadi ambayo inatosha kabisa kumfanya mtu akose usingizi na ambayo familia za vibarua wale hazikuhitaji iongezwe. Ukiona mapembe sebuleni, hesabu na hadithi: mwindaji hurudi na vitu viwili, na kimoja kinaendelea kunenepa baada ya kifo.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa historia yake iliyoandikwa, Tsavo imekuwa na kanuni moja: mwenye shughuli hana haja ya kuwafuata wanyama. Kanuni hii haijabadilika Sagalla, mlima unaoitazama Voi kwa upande wa kusini. Mahindi na kunde vinapokaribia kukomaa, ndovu hutoka hifadhini baada ya giza kuingia, na mkulima hupanda kwenye dungu lake akiwa na tochi, debe na rundo la kuni. Mtazame vizuri. Amekaa juu, kimya, katika baridi, miguu inakufa ganzi, masikio yamesimama, kila kijiti kinachovunjika kinampandisha mapigo ya moyo. Kwa nje hana tofauti hata moja na baba wa Pennsylvania juu ya mti wake. Tofauti ni kwamba mmoja anaomba mnyama aje na mwenzake anaomba asije. Wa kwanza akikesha bure ana huzuni, wa pili akikesha bure amebarikiwa, ila baraka hiyo haina namna ya kutundikwa sebuleni. Hakuna fundi anayekausha gunzi la muhindi ambao haukuliwa. Na kunapopambazuka mkulima huyu hapewi siku ya mapumziko: kuna mtoto wa kupelekwa shule, na pengine anachelewa naye kwa sababu ndovu yuleyule wa usiku amesimama njiani akimalizia mti wa watu.

Hapo ndipo hoja ya malezi inapoanguka. Watetezi wa uwindaji husema, na kwa uzuri, kwamba saa nyingi msituni humfundisha mtoto subira, utulivu, kuheshimu silaha na kuisoma ardhi, na kwamba baba na mwana hupata nafasi ya kuwa pamoja. Sina ubishi na fadhila hizo. Nasema tu kwamba Taita Taveta huzitoa bure na kwa wingi kuliko mtu anavyohitaji. Mtoto wa kijiji cha Mwakoma, Sagalla, anajua kusoma nyayo, anajua upepo unavuma kutoka wapi, anajua ndovu aliyetikisa masikio kwa vitisho na yule asiyetisha bali anakuja. Anajua pia kuhusu nyuki, kwa sababu katika kijiji hicho, tangu mwaka 2009, mtafiti Lucy King na wakulima wamekuwa wakijenga ua wa mizinga: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akiugusa waya mizinga yote hutikisika, na nyuki hutoka kuuliza ni nani. Kwa miaka kadhaa ya kumbukumbu, takriban robo tatu ya ndovu walioyakaribia mashamba yale waligeuka wakaenda zao, na mkulima akabaki na mahindi na asali. Ni mradi wa kupendeza, na ninauunga mkono kwa moyo wote, lakini kwa upande wa hoja yangu umeleta madhara. Baba aliyekuwa na sababu ya kulala dunguni sasa amebadilishwa na wadudu. Mkewe anamwambia, lala nyumbani, nyuki wapo.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: kama mzazi anataka utulivu wa porini, si aingie hifadhini tu? Lango la Tsavo Mashariki liko pua na mdomo na mji wa Voi, na mwananchi hutozwa kiasi kidogo akilinganishwa na mgeni wa ng'ambo. Ni pendekezo la mtu asiye na watoto. Hifadhini unakwenda na familia. Hakuna mke, mume wala mtoto duniani atakayekubali kubaki nyumbani huku mwenzake anakwenda kuangalia twiga peke yake. Kufanya hivyo ni uchoyo, na hata kanisani kungezungumzwa. Kwa hiyo watajazana garini wote, na shangazi aliyekuja kutembea, na mandazi, na juisi. Sheria ya hifadhi inakataza kushuka kwenye gari, na mtoto wa nne hukumbuka haja ndogo hasa mnapofika mahali penye nyati mia. Ukimya unaohitajika ili tandala mdogo atokeze kichakani hautapatikana. Zaidi ya hayo, malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa ya kurudi inajulikana na kila mtu, na udhuru wenye saa ya kurudi si udhuru, ni zamu. Uzuri wa kuwinda ni kwamba haumruhusu yeyote kukufuata (kelele, harufu, hatari), haukuruhusu kupokea simu, na hauna mwisho unaotabirika. Bunduki yenyewe ni kisingizio cha kuwaacha wengine.

Mkenya, kwa kuwa hakuumbwa bila akili, amejitafutia mbadala. Kwa wanaume wa Voi mbadala mkuu ni matanga. Mtu akisema kuna msiba Mwanda, mlimani juu kabisa, hakuna anayemwuliza atarudi lini, mtandao wa simu unasemekana ni mbaya hata pale ulipo mzuri, na kuhoji ni kukosa utu. Yako mazishi ya kweli, na Mungu awarehemu waliotangulia; lakini mtu akiorodhesha wajomba waliozikwa na baadhi ya kina baba, ataona kwamba ukoo mmoja ulikuwa na wajomba wengi kuliko kawaida ya maumbile. Mpira wa Uingereza ulijaribu kuchukua nafasi hiyo, ukashindwa kwa sababu una dakika 90 na mke anaweza kuzihesabu. Siasa inafaa, ila ni ya kila miaka mitano. Kwa kina mama hali ni ngumu zaidi. Chama kina saa, kwaya ina saa, kesha la maombi linaanza na kumalizika na mashahidi wapo. Tena mama ndiye anayefanya uwindaji usio na msimu wa mchana kutwa, ule wa nyani. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki watakwambia kwamba nyani humdharau mwanamke na kumkimbia mwanamume, na wapo akina mama wanaovaa koti na kofia ya mume ili waheshimiwe na wanyama hao. Koti la baba, basi, linalinda mahindi huku mwenyewe yuko Mwanda anamzika mjomba.

Je, dawa ni kufungua tena uwindaji? Hilo limeshajaribiwa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa G. G. Kariuki wa Laikipia ambao ungelegeza marufuku, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Mwaka 2018 waziri Najib Balala aliunda jopo la kutazama kama wanyamapori wanaweza kuvunwa na kuliwa, na kelele zikawa nyingi kuliko nyama. Wanaotaka kufungua husema pesa za wawindaji zingewafikia wenye ardhi, na kwamba ndovu wangewaogopa watu. Hoja ya kwanza ni ya wahasibu, niwaachie. Ya pili inasahau kwamba ndovu wa Tsavo wanawajua watu vizuri mno. Ndiyo maana nje ya hifadhi hutembea sana usiku. Mimi napinga kwa sababu nyingine: kufungua hakungemsaidia mzazi ninayemtetea. Ukivuka mpaka Taveta ukaingia Holili, Tanzania, uko nchi yenye leseni za uwindaji, msimu wake, na tangu kanuni za mwaka 2020, bucha za nyamapori zilizoruhusiwa kisheria. Matokeo? Wageni wenye pesa ndio wanaokaa porini, na baba wa Kitanzania penye bucha la aina hiyo hutumwa kilo moja ya swala na kutakiwa awe amerudi kabla maji hayajachemka. Wamempa nyama, wakamnyima msitu.

Pendekezo langu ni la kiasi zaidi, na halihitaji kumwua yeyote. Kaunti ianzishe kibali cha kuketi. Mzazi yeyote mwenye mtoto aliye chini ya miaka 18, baba au mama, alipie ada ndogo na kupangiwa siku moja kwa mwaka katika hifadhi mojawapo ya jamii, LUMO kwa mfano, juu ya dungu, peke yake. Hakuna bunduki. Kamera iruhusiwe, ila isiwe ya simu, na simu ibaki kwa askari langoni. Mnyama atakayepita ahesabike kuwa amepatikana, na mwenye kibali apewe cheti kilichopigwa muhuri: tandala dume mmoja, au digidigi dume mmoja na mkewe mbele yake. Cheti kitundikwe sebuleni. Kuhusu ukubwa wa pembe, msimuliaji awe na uhuru wa kiasi, kama alivyokuwa nao Patterson. Msimu nao uwe Novemba kama wenzetu, kwa kuwa shule zimefungwa na watoto wako nyumbani kutwa, jambo ambalo litaongeza idadi ya waombaji bila gharama ya matangazo.

Najua swali litakaloulizwa kwenye kikao cha kwanza cha wananchi, na litaulizwa na mama aliyekaa mstari wa mbele: siku hiyo watoto watabaki na nani? Nimelifikiria. Fomu itakuwa na nafasi chini, upande wa kulia, ya mwenzi kutia saini kwamba amekubali kubaki nao, kisha nafasi ya kuandika tarehe yake yeye ya kuketi, ambayo sharti iwe ndani ya msimu uleule. Fomu isiyo na tarehe hiyo ya pili itarudishwa, na nakisia zitakazorudishwa Voi zitajaza kabati mbili.